Kushika Imani Ukiwa Mgonjwa Sana: Mwongozo kwa Mkristo wa Nairobi na Watu Wake

Mwongozo huu ni wa Mkristo aliyeambiwa ana saratani, au figo zake zimeacha kazi, au moyo wake umechoka. Ni wa watu watakaomwuguza pia. Si mwongozo wa kupona. Kwa kupona wapo madaktari, na yupo Mungu, na hakuna kati yao anayepokea maagizo kutoka kwangu. Ninachoandika ni namna ya kubaki mtu wa sala katikati ya foleni za kliniki, dripu, madeni na simu za jamaa wasiojua kunyamaza.

Jambo moja litarudi kila mara humu: ibada ya mgonjwa ipimwe kwa nguvu za mgonjwa. Nimeona wagonjwa wakijaribu kuishika imani kwa ukubwa ule ule waliokuwa nao wakiwa wazima, wakashindwa, kisha wakajihukumu kwamba wamemwacha Mungu au Mungu amewaacha. Aliyekuwa akikesha Ijumaa nzima sasa hawezi kumaliza Baba Yetu bila kusinzia. Huyo hajapungukiwa imani. Amepungukiwa damu.

Siku za kwanza: kula, lala, usiamue mambo makubwa

Majibu yakishatoka, kuna siku kadhaa ambazo kichwa hakifanyi kazi sawasawa. Siku hizo usiweke nadhiri, usihame kanisa, usiuze kiwanja ili utoe sadaka, wala usikimbilie kutangaza kwamba umeshapokea uponyaji. Yote hayo yanaweza kungoja.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akaja mara ya pili na chakula kile kile. Mazungumzo mazito na Mungu yalikuja baadaye kabisa, huko Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini. Kwa hiyo ukiweza kunywa uji na kulala saa nne mfululizo, siku hiyo umeitumia vyema.

Swali la "kwa nini mimi" litakuja lenyewe. Na usipojiuliza, kuna mtu atakupigia kutoka nyumbani akuulizie: ulimkosea nani, lile shamba liligawanywa vipi, babu alikufa akiwa na neno gani moyoni. Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali la aina hiyo walipomwona kipofu tangu kuzaliwa: ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Jibu liko Yohana 9:3, nalo ni kwamba si yeye wala si wazazi wake. Likariri, maana utalihitaji kwenye simu.

Swali la chanzo mpelekee daktari. Saratani ya mlango wa kizazi, karibu yote, hutokana na kirusi cha HPV. Figo nyingi huharibiwa na kisukari na shinikizo la damu vilivyokaa miaka bila kutibiwa. Mtu akishaelezwa hivyo na mtaalamu aliyeona vipimo vyake, simu ya mjomba kuhusu uchawi hupungua uzito.

Amua nani ajue

Makanisa yetu yana upendo mwingi na siri kidogo. Ombi lililotolewa Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani linaweza kufika Jumapili likiwa limeongezewa ugonjwa wa pili. Basi usitangaze kabla hujachagua watu wako.

Anza na watu wachache, watatu au wanne, wanaojua kila kitu: jina la ugonjwa, hatua yake, pesa zilizopo. Mmoja wao awe kiongozi wako wa kiroho, iwe mchungaji, padre, mzee wa kanisa wa eneo lako au kiongozi wa jumuiya. Mwingine awe mtu wa simu: yeye ndiye atakayejibu maswali ya kundi la WhatsApp ili wewe usirudie habari ile ile mara thelathini. Hili la mtu wa simu watu hulichukulia kama jambo dogo, lakini kurudia historia ya uvimbe wako kutoka asubuhi hadi jioni humaliza nguvu ambazo ungezitumia kusali.

Kwa wengine wote, andika ombi fupi lenye mpaka. Kwa mfano: "Wapendwa, Jumanne naanza matibabu Kenyatta. Niombeeni usingizi na niondokewe na hofu. Naomba msinipigie, ujumbe mfupi unatosha, nitausoma nikipata nguvu." Umeomba jambo mahususi, na umefunga mlango bila kumtukana mtu.

Punguza ibada mpaka ikutoshe

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua kila ulichokuwa ukifanya ukiwa mzima, uliza toleo lake dogo ni lipi. Saa nzima ya kusoma Biblia inakuwa mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya kadi ya kliniki. Rozari nzima inakuwa fungu moja. Kesha linakuwa dakika tano za saa tisa usiku, wakati dawa imekuamsha na nyumba nzima imelala. Kwaya inakuwa ubeti mmoja wa utenzi unaoujua bila kitabu, hata kama unauimba kwa kunong'ona.

Mgonjwa wa Rongai au Kayole mwenye kliniki ya asubuhi Upper Hill huondoka nyumbani kukiwa giza, akakaa kwenye benchi mpaka jua liwe juu. Hayo masaa ya benchi yanaweza kuwa kanisa lako, mradi usijaribu sala ndefu, kwa sababu jina lako litaitwa katikati. Tumia sala ya pumzi: ukivuta hewa sema moyoni "Yesu, Mwana wa Daudi," ukiitoa sema "nirehemu." Ni kilio cha Bartimayo, kipofu wa Yeriko, katika Marko 10. Naye alikuwa amekaa kando ya njia akisubiri, na watu walimwambia anyamaze.

Sala hiyo inafaa hata ukiwa umelala chini ya mashine ya mionzi. Pale huruhusiwi kusogea na wahudumu wote wametoka chumbani, unabaki peke yako na mlio. Wengine hutumia Zaburi ya 23. Ukiirudia polepole mara kadhaa, kikao kimekwisha.

Macho yakikataa kusoma, sikiliza. Biblia ya kusikiliza kwa Kiswahili inapatikana bure kwenye simu. Pakua vitabu viwili vitatu ukiwa mahali penye intaneti, Zaburi na Injili ya Marko zinatosha kuanzia, ili usitegemee bando ukiwa wodini. Na usishangae lugha ikibadilika. Watu wengi wa Nairobi huabudu kwa Kiingereza na Kiswahili Jumapili, lakini maumivu yakizidi, sala hutoka kwa Kikamba, Kigikuyu, Dholuo au Kiluhya, lugha waliyomsikia mama akiitumia kusali. Iache itoke. Kama kuna Biblia ya lugha hiyo nyumbani, omba iletwe.

Kuna siku hata hilo toleo dogo litashindikana. Siku hiyo wengine wasali kwa niaba yako, nawe ukubali. Marko 2 inasimulia mtu aliyepooza akibebwa na watu wanne mpaka darini, na Yesu alipoiona imani yao, yaani ya wale wabebaji, alisema na mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe hatusikii akisema hata neno moja.

Lalamika kwa Mungu, si kwa siri

Tumelelewa kuitikia "nimebarikiwa" hata tukiwa na homa. Mchungaji akiuliza wodini hali ikoje, mgonjwa hutabasamu na kusema Mungu ni mwema. Ni mwema, sawa. Lakini mtu akiishia hapo kwa miezi, kinachobaki bila kusemwa huoza ndani.

Zaburi nyingi ni malalamiko. Ya 13 inaanza hivi: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Ya 88 ni kali zaidi. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina "lakini nitamsifu" mwishoni. Walioikusanya Zaburi waliiacha humo, na wacha Mungu wameisali kwa karne nyingi. Yesu mwenyewe msalabani alitumia maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?"

Jaribu hivi. Chukua daftari la shule la bei ndogo. Ukurasa wa kushoto andika lalamiko moja kwa lugha yako ya kawaida: "Mungu, nimechoka kutapika. Mtoto anafanya mtihani na mimi siwezi kusimama. Uko wapi?" Ukurasa wa kulia andika ombi moja dogo la siku hiyo, linaloweza kujibiwa leo: chakula kikae tumboni, muuguzi apate mshipa mara ya kwanza, mvua isininyeshee stendi. Usilazimishe shukrani. Ikija, iandike chini. Isipokuja, funga daftari. Ukishindwa hata kuandika, yapo maneno ya yule baba katika Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Ni sala iliyokiri upungufu wake waziwazi, na ilijibiwa.

Kuna huzuni ambayo si ya kiroho tu. Kama kwa majuma mawili au zaidi hulali, huli, hufurahii kitu chochote, au umeanza kuwaza kujitoa uhai, huo ni ugonjwa juu ya ugonjwa, nao una matibabu. Mwambie daktari wako, au piga laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199. Mchungaji atakayekuambia hilo ni pepo la kukata tamaa, na asikuelekeze kwa daktari, usimsikilize.

Maombi na dawa pamoja

Hezekia alipougua karibu na kufa, aliomba akilia, na Mungu akamwongezea miaka 15. Soma 2 Wafalme 20 uone kilichofuata: Isaya aliagiza mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu. Nabii mmoja alileta neno na dawa siku ile ile. Paulo alisafiri na Luka tabibu, na akamwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Sioni mahali Maandiko yanapomlazimisha mgonjwa achague upande.

Utaombewa, na pengine utaambiwa umepona, tupa dawa. Kanuni ya kushika hapo ni ya Yesu mwenyewe. Wale kumi wenye ukoma wa Luka 17 aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Musa ndio waliokuwa wakipima na kutangaza mtu ni safi. Basi nawe ukiamini umeponywa, nenda ukajionyeshe. Pima tena. Endelea na vidonge mpaka aliyeviandika avipunguze. Hili ni la lazima hasa kwa dawa za virusi vya UKIMWI, insulini, dawa za presha, za kifafa na za kifua kikuu, ambazo ukiziacha ghafla madhara yanaweza kuwa makubwa kuliko ulipoanzia. Ukibanwa, jibu: "Asante kwa kuniombea. Dawa ataniachisha daktari." Sema hivyo, kisha badilisha mazungumzo.

Kufunga ni eneo jingine la hatari. Mwenye kisukari anayetumia insulini, anayepata kemo (dawa kali za saratani), aliyetoka kupasuliwa, asifunge chakula. Kanisa Katoliki lenyewe limewaondolea wagonjwa wajibu wa kufunga, na hata ile saa moja kabla ya Komunyo haiwabani wazee, wagonjwa wala wanaowahudumia. Ukitaka kujinyima kitu, jinyime habari za saa tatu usiku au malumbano ya WhatsApp. Kenya baada ya Shakahola, mwaka 2023, haihitaji kuelezwa zaidi kuhusu imani inayomnyima mtu chakula na hospitali.

Mambo madogo ambayo watu hawakuambii:

Kama unasafishwa damu kwa mashine, umepewa kipimo cha maji kwa siku. Chupa ya maji ya upako uliyoletewa na shangazi nayo inahesabika humo. Gusa ulimi tu, au jipake usoni.

Kama unapigwa mionzi, mafuta ya kuombewa yapakwe kwenye paji la uso au mikono, yasiguse sehemu inayotibiwa wala kufuta alama zilizochorwa kwenye ngozi.

Kama uko kwenye kemo, chembe nyeupe za damu hushuka zaidi takriban juma la kwanza hadi la pili baada ya dozi. Majuma hayo kanisa lililojaa si mahali pako; fuatilia ibada kwa redio au simu, na uletewe ushirika nyumbani. Joto la mwili likifika 38, ondoka uende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama maombi yanaendelea sebuleni. Wataendelea kuomba ukiwa njiani.

Wanaouza uponyaji

Nitakuwa mfupi. Mtu akikuambia uponyaji wako unasubiri mbegu ya kiasi fulani, akakupa namba ya kutuma, mkimbie. Elisha alikataa zawadi ya Naamani aliyeponywa ukoma, na Gehazi aliyeikimbilia kwa siri aliondoka na ukoma ule. Habari yote iko 2 Wafalme 5. Nairobi kuna mabango mengi ya mikutano ya miujiza, na wagonjwa ndio wateja wa kwanza kwa sababu wamekwisha kata tamaa ya bili. Jihadhari pia na yule asiyeomba pesa lakini anadai uache hospitali yako, ukoo wako na kanisa lako kwa pamoja. Huyo anakutenga na kila mtu ambaye angekuuliza maswali.

Zaka? Wagonjwa wengi huteswa na deni la zaka wakati hawana nauli. Zungumza na mchungaji wako waziwazi. Mchungaji wa kweli atakuambia ununue dawa.

Kuhusu pesa kwa jumla, mfundishe mhazini wa kundi lako jambo moja. Tangu Oktoba 2024 bima ya umma ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, na usajili unaanzia kwa *147#. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa mgonjwa wa jua kali anayelipa kiwango cha chini, hizo ni shilingi 3,600. Kundi linaloleta maua, keki na soda wodini lingelipia mchango huo kwanza, ndipo lianze kuwaza harambee.

Sakramenti, mafuta na kasisi wa hospitali

Yakobo 5:14 inamwagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Angalia nani anatakiwa kuanza: mgonjwa ndiye anayeita. Usingoje wakukumbuke, hasa kama kanisa lako lina watu elfu mbili.

Wakatoliki wengi bado huogopa Mpako wa Wagonjwa wakidhani ni tangazo la kifo. Siyo. Hutolewa mtu anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na unaweza kurudiwa hali ikizidi au ukipona na kuugua tena. Uombe kabla ya operesheni kubwa, ukiwa bado na akili timamu ya kuitikia sala. Kwa Waanglikana, kasisi huleta Meza ya Bwana nyumbani au wodini. Kwa Wapresbiteri, mzee wa eneo lako ndiye wa kwanza kumpigia. Kwa makanisa ya kiroho na Waadventista, wachungaji na wazee nao hupaka mafuta. Mama mwenye Mothers' Union au Woman's Guild nyuma yake ana jeshi tayari, mradi awaambie anachohitaji.

Ukilazwa, muulize muuguzi wa zamu kasisi wa hospitali hupita lini. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta inao, na hospitali zilizoanzishwa na kanisa, kama Mater ya South B, au Kijabe na Kikuyu kwa wanaotoka nje ya mji, zimezoea huduma hiyo. Kasisi wa hospitali ana faida ambayo mchungaji wako hana: hakujui. Unaweza kumwambia kwamba umeacha kuamini, na Jumapili hutakutana naye.

Kwa wanaokuja kumwona mgonjwa

Marafiki wa Ayubu walifanya vyema kwa siku saba. Walikaa naye chini, usiku na mchana, wasiseme neno. Makosa yalianza walipofungua vinywa kueleza sababu, na mwisho wa kitabu Mungu akawaambia hawakunena yaliyo sawa. Basi:

Piga kabla hujaja. Njooni wawili, si basi zima. Wodi ni ya watu wengi, na kitanda cha pili pengine yuko Mwislamu au mtu aliyetoka kupasuliwa sasa hivi. Kwaya ya watu ishirini yenye kayamba si baraka kwake. Kaeni muda mfupi. Someni mistari michache, ombeni kwa sauti ya kawaida, muulize kwanza anataka kuombewa nini. Usimwambie habari za mtu mwingine aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. (Nashangaa ni wangapi hufanya hivyo, tena kwa undani.) Usiseme "Mungu hatupi mzigo tusioweza kuubeba." 1 Wakorintho 10:13 inazungumzia majaribu ya kutenda dhambi, si uvimbe kwenye ini.

Badala ya "ukihitaji chochote niambie," taja kitu: "Alhamisi nitachukua watoto shuleni," "Nitakaa nawe kliniki tarehe fulani," "Nitafua." Mgonjwa hana nguvu ya kubuni kazi za kukupa.

Uponyaji usipokuja

Huenda ukafika wakati daktari akasema tiba ya kuondoa ugonjwa imekwisha. Hapo waombaji wengine hukasirika na kuongeza sauti, na mgonjwa hulazimika kuigiza tumaini ili wasivunjike moyo. Asifanyiwe hivyo.

Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akajibiwa "Neema yangu yakutosha." Mtume huyo huyo, ambaye Matendo 19 inasema leso zake ziliponya watu, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, aliandika hivyo katika 2 Timotheo 4:20, bila maelezo na bila kumlaumu Trofimo. Na vijana watatu mbele ya tanuru walisema Mungu wao anaweza kuwaokoa, kisha wakaongeza: "Bali kama si hivyo." Sala inayobeba pande zote mbili haijashindwa. Unaweza kuomba asubuhi upone, na jioni uombe ufe vizuri.

Kufa vizuri kuna msaada wake. Nairobi Hospice, karibu na Hospitali ya Kenyatta, imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa aina hii tangu 1990, nao hushughulikia maumivu, familia na mambo ya roho kwa pamoja. Omba kupelekwa mapema, usingoje siku za mwisho. Morfini ya kunywa isikutishe. Ikitolewa kwa kipimo chake na mtaalamu, haikugeuzi mlevi wala haiharakishi kifo. Hunywewa kwa saa maalumu, kwa kawaida kila baada ya saa nne, si mpaka maumivu yakuzidi, na hufunga choo, kwa hiyo udai dawa ya kulainisha tumbo siku hiyo hiyo. Mwenye maumivu makali hawezi kusali. Aliyetulizwa anaweza.

Kisha mambo ya nyumba. Isaya alimwambia Hezekia atengeneze mambo ya nyumba yake, na hakuona hilo kuwa kukosa imani. Andika wosia, utie saini mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote. Wosia wa mdomo nao unakubalika kwa sheria ya Kenya, lakini uwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi na kifo kitokee ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo karatasi ni salama zaidi. Sema unataka kuzikwa wapi, Lang'ata au nyumbani, na nani aongoze ibada, ili ukoo na kanisa wasije wakavutana juu ya jeneza lako. Andika nyimbo unazozitaka. Waambie watoto ukweli kwa kadiri ya umri wao, kabla hawajausikia kwa mtoto wa jirani. Samehe unaoweza kuwasamehe. Wengine mkabidhi Mungu, usijilazimishe kupatana kwa simu na mtu atakayekuumiza tena.

Anayeuguza

Mke, mume, binti au dada anayekaa na mgonjwa kila siku huacha kwenda kanisani mapema kuliko mgonjwa mwenyewe, na hakuna anayeona. Watu huuliza "mgonjwa anaendeleaje," naye hujibu, mwezi wa kwanza mpaka wa nane.

Kanisa limpangie zamu. Jumapili moja kwa mwezi, mtu anayejua kugeuza mgonjwa na kutoa dawa aje saa mbili asubuhi, akae mpaka saa saba, ili huyu aende ibadani akae benchi la nyuma, aimbe au alie, apitie sokoni akirudi. Mzee wa eneo aiandike zamu hiyo, isiachiwe hisia za watu. Na ampigie Alhamisi kumthibitishia nani anakuja, apate siku mbili za kupanga nguo na kueleza dawa, badala ya kuambiwa Jumapili asubuhi mlangoni.